Tulivyohamia Kisiwani kwa Tekla

Mjukuu wangu hataki kupanda bajaji moja na mimi nikitoka mnadani Katesh. Anasema, "Bibi, na hao kambale wako, mimi nashuka natembea kwa miguu." Namwambia shuka mama, kutembea ni afya. Mimi na kambale wangu wa moshi tunabaki kiti cha nyuma, tunakwenda zetu Nangwa kama maharusi. Nafungua kidogo gazeti walilofungiwa, navuta pua. Basi. Hapo Nangwa siioni tena. Nakuwa mtoto asiye na meno mawili ya mbele, nimechuchumaa kwenye matope, najua mambo yote ya dunia, na yote nimeyajua vibaya.

Nyie wa umri wangu hamuhitaji kuambiwa, sisi watu wa kule juu Mbulu samaki hakuwa chakula. Mtu akikuambia amekula samaki ni sawasawa na kukuambia amekula nyoka, unajisogeza mbali naye. Kwa hiyo wajukuu wananiuliza, bibi wa mlimani samaki ulijifunzia wapi? Nawaambia nilijifunzia kisiwani. Wanacheka mpaka wanashika mbavu. Wao kisiwa wanakijua cha kwenye simu, kile cha wazungu kulala kwenye mchanga. Hapana bwana. Hapa hapa kwetu, kwenye ziwa la huku bondeni upande wa Hanang, kulikuwa na kisiwa kidogo hivi kwamba ukianza kukizunguka uji ukiwa umebandikwa, unarudi haujachemka. Tuliishi hapo. Na hatukwenda kwa kupenda, tuliondolewa kwetu.

Kaa vizuri nikuambie.

Kwetu ni juu kabisa, kwenye ukungu. Nyumba imechimbwa ubavuni mwa mlima, paa la udongo, mbuzi wanapita juu ya kichwa chako wewe uko ndani unakunywa maziwa. Tulikuwa baba, mama, mimi, na mdogo wangu Bura, ambaye alikuwa bado ananyonya. Bura alikuwa na tabia moja: hawezi kulala bila kukushika sikio. Analivuta, analikunja, analitafutia mahali pake, halafu huyo, kalala. Akaumwa siku mbili, kifua tu. Siku ya tatu asubuhi mama hakutoka kukamua.

Sasa kwetu enzi zile, mtoto wa kunyonya akifa haukuwa msiba wa watu kuja kukaa na wewe. Ilikuwa kinyume chake. Nyumba inawekwa pembeni. Kwa Kiiraqw tunaita metimani. Wewe huji kwangu, mimi siji kwako, mpaka wazee waseme imetosha. Mama hachoti maji kwenye chemchemi ya wote, anashuka kule chini, anapata maji ambayo yameshapita kwa kila mtu. Ng'ombe wetu hawachungwi na wa wenzetu. Baba haendi kwenye pombe ya wazee. Ukikutana na mtu njiani anapanda upande wa juu, shikamoo yako anaiitikia akiwa mbali, anaangalia miti. Na moto ndio usiseme! Hakuna kuomba moto kwa jirani, hakuna kumpa. Hawakuwa watu wabaya. Na wao walikuwa na watoto wananyonya, waliogopa kifo kikishajua njia ya mtaa kitaendelea na nyumba ya pili. Leo nimezaa, nimezika, naelewa. Wakati ule nilielewa vitu viwili tu: rafiki yangu hachezi na mimi, na jina la Bura halitajwi. Baba halitaji, mama halitaji, hata mbwa ukimwangalia unaona na yeye kaambiwa.

Mama akanyamaza. Anapika, anasaga, anapalilia, lakini mdomo kafunga. Ukimuuliza kitu anakuelekeza kwa kidevu.

Ndipo nikafanya kosa langu.

Asubuhi moja mvua imenyesha, moto wetu ukazimika. Baba yuko na ng'ombe mbali. Kuwasha moto ilikuwa kazi ya kupekecha vijiti, na vijiti vyenyewe vimelowa. Mama amekaa anaangalia majivu, hata hajaribu. Nilimwonea huruma, na njaa nilikuwa nayo, nisiseme uongo. Nikachukua kigae cha chungu, nikapita katikati ya mahindi mpaka kwa jirani. Wenyewe wako shambani. Nikaingia, nikafukua majivu yao, nikachota makaa mawili mekundu mazuri, nikarudi mbio. Nikamwambia mama, "Yalikuwa yamejificha chini." Mama akaniangalia. Akaangalia makaa. Akainama akapuliza.

Haikupita muda ng'ombe wa yule jirani akatupa ndama, ndama amekufa. Halafu mke wake akakumbuka kwamba siku fulani alikuta majivu yake yamefukuliwa. Kwisha habari. Wazee wakakaa, na baba akaitwa, akasimama mbali kama ilivyo taratibu, na mimi nimejificha nyuma ya zizi nasikia. Wakamuuliza, "Kuna mtu wa nyumba yako amechukua moto?" Baba akasema kwa sauti ya watu wote kusikia, "Kwangu hakuna mwizi wa moto. Naapa."

Kaapa! Kwa ajili yangu, na wala hajui.

Wazee wakasema hatukufukuzi, lakini nenda mbali kidogo na watu mpaka mwiko uishe. Baba alikuwa na kiburi, Mungu ampumzishe. Akarudi nyumbani akamwambia mama, "Wanataka niende mbali. Nitaenda ambako hata kuku wao hawafiki." Alikuwa na rafiki yake Mbarbaig, mfugaji wa huku tambarare, ambaye alishamwambia habari za kisiwa chenye majani ambacho hakina mwenyewe. Hakina mwenyewe, isipokuwa mwanamke mmoja.

Ng'ombe tukamwachia huyo rafiki, tukabaki na mbuzi watano. Tulishuka siku mbili na punda. Kadiri unavyoshuka joto linapanda, nguo zinakuwa nyingi mwilini. Siku ya pili tukatokea kwenye kilima, nikaona chini kitu cha bluu kimelala, kimenyooka, hakina hata kichuguu. Nikamuuliza baba, "Shamba lile la nani?" Baba na yeye ziwa alikuwa hajaliona hata siku moja, ila hakutaka nijue. Akasema, "La Serikali."

Njiani nilimsikia akimwambia mama, "Yule mwanamke wa huko ni wa kwetu, wa mtaa wa juu. Msalimie, lakini usimuulize jina." Mama akaitikia kwa kidevu. Habari yake niliijua baadaye. Alipokuwa msichana alipata mimba hajaolewa, na kwetu binti wa namna hiyo alikuwa anaondolewa mtaani kabla hajajifungua. Alishuka peke yake. Mtoto akalelewa na nyumba ya Kibarbaig iliyokuwa haina mtoto, akakua vizuri tu, yeye akabaki na ziwa. Kule juu hakuna aliyemtaja tena.

Lakini mimi hayo sikuyajua. Mimi nilikaa kwenye mtumbwi wa kuazima, mvuvi mmoja anapiga kasia, mbuzi wanalia, baba kashika kingo mbili utadhani anazuia ziwa lisikimbie, mama kafumba macho, nikaanza kupiga hesabu yangu ya kitoto. Mtu asiyetajwa jina ni mtu wa namna gani? Namjua mmoja: Bura. Bura amekufa, ndiyo maana hatajwi. Na huyu mwanamke hatajwi. Kwa hiyo na yeye amekufa. Kwa hiyo huku tunakovuka ndiko wanakokaa waliokufa. Unaona akili? Na wala sikuogopa. Nilifurahi, nilitaka kumpigia kelele yule mpiga kasia aongeze mwendo. Maana kama yule mwanamke yuko huku, na Bura yuko huku.

Tukafika. Kasimama kwenye matope mwanamke mrefu, mweusi wa jua, mikono imejaa magamba ya samaki, anacheka kabla hatujasema lolote. "Karibuni! Jamani mbuzi! Nina miaka sijamsikia mbuzi wa nyumbani!" Baba akasalimia kwa mbali. Yeye akamshika mkono kwa nguvu, na magamba yake, baba akabaki anauangalia mkono wake kama si wa kwake. Mwaka mzima hakuna mtu aliyekuwa ametushika mkono.

Siku tatu nilimtafuta Bura. Nilitafuta kwenye matete, kwenye mashimo ya mawe, nyuma ya kibanda cha yule mwanamke. Nilimbakizia ugali kwenye jani, asubuhi nakuta ugali haupo, nikajua ndiye. Kumbe ni ndege. Siku ya nne yule mwanamke akanikamata kwa kola.

"We binti, unatafuta nini kwenye matete yangu? Unajua kuna kiboko humo?"

"Namtafuta mdogo wangu."

"Mdogo wako gani?"

"Bura. Alitangulia kuja huku."

Akaweka chini kisu chake. "Hebu ngoja. Wewe unaona mimi nimekufa?"

"Ndiyo," nikasema. Halafu nikakumbuka adabu. "Shikamoo."

"Marahaba!" Alicheka yule mama mpaka akakaa chini kwenye matope. Akashika mkono wangu akaubandika shingoni kwake. Panadunda dum, dum, pana joto, panateleza mafuta ya samaki. "Haya, maiti inadunda hivyo?"

"Sijui. Sijawahi kuishika."

"Basi nakuambia mimi, haidundi. Naitwa Tekla."

Nikastuka. "Baba amesema tusikuulize jina!"

"Hujaniuliza. Nimesema mwenyewe." Akanipangusa matope usoni, akanipaka mengine. Halafu sauti yake ikashuka. "Bura hayuko hapa, mama yangu. Ningekuwa naye ningekupa. Lakini niambie, alikuwaje?"

Hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza hivyo. Hata mmoja. Nikafungua mdomo, yakatoka yote: mashavu yake, kikohozi chake, alivyokuwa anatema uji, na habari ya sikio. Nikamwonyesha Tekla anavyolikunja, hivi, halafu hivi. Nikasikia nyuma yangu mtu anasema, "La kushoto."

Ni mama. Kasimama na mtungi wa maji kichwani, sijui tangu saa ngapi.

"Sikio la kushoto tu," mama akasema. "Ukimpa la kulia analia."

Akatua mtungi. Akakaa na sisi pale pale kwenye matope, na kuanzia hapo mama alisema. Alisema kama mtu aliyekuwa ameweka maneno akiba. Tekla anaparua samaki, mama anasema, jua linazunguka upande wa pili, mbuzi wamekula kibanda nusu, mama anasema. Baba alikuja kuangalia kuna nini, akatuona, akarudi taratibu kwa kunyata.

Sasa nikuambie furaha, maana nyie mnangoja niwaambie tulivyoteseka. Hatukuteseka. Mbu walikuwepo, wengi, na kiboko mmoja alikuwa anakula bustani yetu kwa zamu zake. Lakini kule juu tulikuwa tunakunywa maji ya chini, yaliyopita kwa watu wote. Kisiwani maji yako kila upande, unachota unapotaka, hakuna wa juu yako wala wa chini yako. Mama alikuwa anatoka asubuhi anasimama anachagua, leo nichote huku au kule? Yaani anajichagulia maji kama mtu anachagua kitenge! Nilijifunza kuogelea kwa siku mbili. Meno yangu yalikuja. Jioni makundi ya ndege weupe yanarudi kwenye miti, mti mzima unageuka kama umetandikwa shuka.

Na samaki. Siku chache baada ya mama kuanza kusema, Tekla alituletea kambale mbichi, ana masharubu, anajipinda. Baba, mwanaume wa mlimani aliyewahi kumfukuza chui, akamnyanyua kwa vijiti viwili, kwa mkono ulionyooka, uso kageuzia kwingine. "Hiki kitu kinaniangalia," akasema. Kambale akapiga mkia. Baba akaruka kinyumenyume akakaa kwenye moto wa kukaushia. Wallahi nakuambia, kaptura ilitoa moshi. Mama alicheka. Alianza kwa kujizuia, akaziba mdomo na khanga, halafu ikamshinda, akaangua kicheko ambacho sikuwahi kukijua kama anacho. Baba kasimama kashika makalio, na yeye anamwangalia mama, nikaona machozi yanamtoka, nikadhani ni kuungua.

Tulimla yule kambale. Nilikula mpaka kichwa. Baba aliuma kidogo, akatafuna muda mrefu, akasema, "Si mbaya kwa nyoka," akaomba kingine.

Tekla akamfundisha mama kusuka mgono, ule mtego wa matete ambao samaki akiingia hajui kutoka. Walikuwa wanakaa wawili wanasuka, wanasengenya watu wa mtaa wa juu wote, mmoja mmoja, mpaka waliokufa zamani. Tekla alikuwa anamwita baba shemeji. Baba akajifanya hasikii, baadaye akawa anaitika kabla hajaitwa.

Kitu kimoja tu kilikuwa kinanichoma: yale makaa. Tumefurahi hivi, na ni wizi wangu uliotuleta, na baba ameapa. Nikiwa na Tekla kwenye kukausha samaki nikashindwa kuvumilia, nikamwambia yote. Nilitegemea anifukuze. Akachokoa moto.

"Unauona huu moto?"

"Ndiyo."

"Siku niliyoondolewa kule juu niliambiwa nisibebe kitu. Nikaenda jikoni kwa mama yangu, nikachota makaa nikaweka kwenye chungu, nikafunika na majivu, nikashuka nao. Niliulisha njiani kama mtoto. Ni huu. Haujazimika tangu siku hiyo." Akanitazama. "Sasa kama moto wao ukiibiwa ng'ombe wanatupa ndama, mtaa ule usingekuwa na ng'ombe hata mmoja. Wanao?"

"Wengi sana."

"Basi ng'ombe wa watu alitupa ndama kwa sababu zake mwenyewe. Mwambie baba yako siku utakayokuwa na nguvu."

Nilimwambia baba siku ile ile. Alikuwa anachonga kasia. Akachonga, akachonga. Akasema, "Nilijua. Kigae ulikiacha mlangoni." Nikamuuliza kwa nini basi uliapa? Akasema, "Niliapa hakuna mwizi. Mtoto anayemletea mama yake moto ni mwizi?" Akaendelea na kasia lake.

Mvua ya pili ilipoanza mama alikuwa mjamzito, na tumbo lilipofika mwisho aliogopa. Alikuwa anaamka anakaa nje peke yake. Tekla ndiye alimzalisha. Nilisubiri nje na baba, tumeshika mbuzi mmoja wote wawili sijui kwa nini. Akatoka mtoto wa kike, mkubwa, anapiga kelele utadhani amekuja kudai kitu. Tekla akamleta mlangoni, kamfunga kwenye khanga yake mwenyewe, akamwambia baba, "Shemeji, huyu hana haja ya kisiwa. Anasikika mpaka Mbulu."

Na kweli, sijui nani alipeleka habari. Mtoto alipoanza kukaa mwenyewe, asubuhi moja tulisikia kuitwa kutoka ng'ambo. Sauti ilikuwa inafika vizuri kama hakuna upepo. Wazee wanne wamesimama ufukweni na mablanketi yao na fimbo zao, na kondoo mmoja. Walitembea siku mbili. Mbele yao ni Aako Lohay, aako kwetu ni mzee wa heshima, ndiye aliyekuwa anasema kwa niaba ya mtaa. Tekla alikuwa anaparua samaki. Niliona kisu kimesimama.

"Ile sauti," akasema polepole, "ni ya kaka yangu."

Baba akashuka majini mpaka magotini. "Shikamooni, wazee!"

"Marahaba! Mmeamkaje huko?"

"Salama! Na nyumbani?"

"Nyumbani kuzima! Tumesikia Mungu amewapa mtoto! Basi mwiko umekwisha. Kondoo wa kusafisha njia huyu hapa. Shamba lako tumekulimia, tumekupandia. Njooni nyumbani!"

Nilimwangalia baba. Mgongo wake peke yake ulinitosha. Alikuwa na hamu ya mlima ule, ya ukungu, ya pombe ya wazee, ya kukaa katikati ya watu na kusikilizwa. Sikuwa na ubaya naye. Lakini mimi nilimshika Tekla khanga, nikaizungusha kwenye mkono mara mbili.

"Nashukuru, wazee!" baba akasema. "Tunakuja!"

"Vyungu viacheni huko! Moto uzimeni! Mtavuka nyie wanne tu!"

Tekla akaanza kunifungua ile khanga, kidole kimoja kimoja. "Nenda," ananiambia. "Nenda mama, kwenu ni kwenu. Mimi nimezoea." Anatabasamu, na uso wote umebaki hauna damu.

Mama akaja kutoka kibandani. Akanipa mtoto. Akapita pembeni ya baba, akaingia majini, magoti, kiuno, khanga inaelea nyuma yake. Mwanamke wa kwetu kupaza sauti mbele ya wazee, wewe uliwahi kuona wapi?

"Aako, shikamoo! Umehesabu vibaya! Tuko watano!"

Wazee wanaangaliana. Mmoja akasema, "Sisi tunajua wanne. Huyo wa tano anaitwa nani?" Alisema hivyo kwa sababu alijua hakuna mtu atakayejibu.

"Tekla!" mama akasema. Si kusema, alipiga ukelele, ndege wote waliruka kwenye miti. "Anaitwa Tekla! Alinishika mkono wakati hakuna aliyenishika! Huyu mtoto amezaliwa kwenye mikono yake! Tekla! Kama yeye hatajwi, na sisi msitutaje tena!"

Baba alisimama pale katikati, mkono uko kwenye mtumbwi. Nilihesabu mawimbi. Halafu akauvuta ule mtumbwi mpaka kwenye matope, akaupindua kifudifudi, akaukalia. Akakunja mikono. Basi nikajua hatuendi. Na hatukwenda, tulikaa pale mvua tatu nyingine, tukapanda mlimani siku tuliyotaka sisi, na Tekla alipanda na sisi, na migono yake mgongoni. Lakini siku ile bado hatukujua hayo. Siku ile tulijua tu kwamba baba amekalia mtumbwi.

Wazee watatu wakageuka. Wakamvuta kondoo wao, wakaanza kupanda kilima bila kutazama nyuma. Aako Lohay hakugeuka. Alikaa kwenye jiwe. Nilidhani amechoka. Kumbe anavua viatu vyake vya tairi, kimoja, cha pili, akavipanga vizuri. Akaweka blanketi juu yavyo. Akaingia majini, mzee mzima ambaye maji yake makubwa maishani yalikuwa ya kwenye kata ya kunywea, anakuja anaelekea kwetu na fimbo, anapapasa.

"Tekla!" akaita. Sauti ikamkatika, akaanza tena. "Tekla, mdogo wangu!"

Tekla aliniachia mkono. "Kaka! Simama hapo hapo! Usisogee, mbele yako kuna shimo!" Akakimbia, akateleza, akainuka, akafika kwa baba. "We shemeji, toka juu ya mtumbwi wangu! Huoni kuna mtu ananisubiri?"

Baba akatoka mbio. Wakaupindua wawili, wakausukuma. Na Tekla, mwenyewe wa ziwa, aliyekuwa anavuka pale hata usingizini, siku hiyo kasia lilimshinda. Mtumbwi ulikwenda upande huu, ukaenda upande ule, kama wa mtu anayejifunza, mpaka ukafika.